Sufuria Iliyomsomesha Mama Uji

Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi hatua tisa kutoka kwenye benchi lake, na jina lake la kitambulisho nililiona mara moja tu, kwenye fomu. Sitaliandika hapa, maana hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Uji. Hata wanawe watatu, wakimtafuta kutoka ng'ambo ya barabara, walimwita hivyo kwa utani, naye aliitika bila kugeuka: "Mama Uji yuko kazini, kuja na kikombe."

Mimi natengeneza mizani: ya wachinjaji, ya wauza nafaka, ya kliniki. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua mizani mbovu na kuifunga tena, na kwa vitabu vikuukuu ambavyo huvinunua popote ninapovikuta. Kibanda changu kiko Gatongora, hapa Ruiru, kando ya saluni ya Njeri. Mbele yetu palikuwa na mabenchi mawili, meko ya mawe, sufuria moja kubwa iliyopinda mdomo, na yeye.

Uji wake ulikuwa wa kuchacha. Unga wa mahindi, wimbi na mtama uliolowekwa kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko mpaka ukawa mkali, kisha ukapikwa alfajiri. Vijana wa mjengo waliokuwa wakienda kwenye maghorofa mapya walikunywa vikombe viwili na kukaa hadi saa nane bila kula kitu. Wa bodaboda walisema uji huo "unashika". Niliwahi kuwauliza unashika nini hasa. Hakuna aliyeweza kunieleza, lakini kesho yake wote walirudi.

Hakumwuzia mtu asiyemsalimu. Siku moja alikuja kijana mwenye simu sikioni, akanyoosha mkono na kuonyesha kidole kimoja, yaani kikombe kimoja. Mama Uji alimtazama kidole.

"Hujanisalimia na unataka uji. Wewe ni mteja ama ni kanjo?"

Benchi zima likacheka, kwa sababu askari wa kaunti ndio peke yao waliokuwa wakinyoosha mikono pale bila salamu. Kijana akakata simu. "Sasa mathe." "Poa. Habari ya kwenu? Mama yako amepona?" Kumbe alimjua. Alijua mama wa karibu kila mtu.

Alikuwa mpana wa mabega na mwepesi wa miguu. Moto wa uji aliupima kwa mgongo wa mkono, juu ya mvuke, wala sikumwona akionja kwa kijiko. Nilimwambia mara moja kwamba mgongo wa mkono si kipimo, kwa kuwa ngozi huzoea. Akaniambia, "Fundi, mizani yako pia imezoea, ndiyo maana wanakuletea kila mwezi." Alisema kweli.

Ukarimu wake ulikuwa wa ajabu, na uchoyo wake pia. Halima, anayeuza chapati kwenye kona, alipokuwa na mimba ya pili alishindwa kula chochote ila uji huo. Mama Uji alimpelekea chupa nzima ya moto kila asubuhi kwa muda wa miezi mitano, bila kupokea shilingi. Lakini Halima alipomwomba kikombe kimoja cha ule mchanganyiko mbichi wa ndoo, akachachishe mwenyewe nyumbani, Mama Uji alifunika ndoo na kukaa juu yake.

"Uji nitakupa mpaka mtoto aende shule," alisema. "Chachu, hapana."

"Aki Mama Uji, kwani ni dawa?"

"Si dawa. Ni yangu."

Chachu ile hakuwahi kuimaliza. Kila jioni aliacha kiasi chini ya ndoo, akaongeza unga mpya na maji, na kesho yake ikaendelea kana kwamba haijaguswa. Hakuna aliyejua alianza vipi, na aliyeuliza alipewa hadithi tofauti kila mara. Mimi alinipa mbili, ambazo haziwezi kuwa kweli zote.

Jambo la tatu ambalo lazima nilitaje, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo, ni kwamba alijibu kila swali. Wanawake waliopita na watoto mgongoni walisimama pale kuuliza. Huyu hali, afanye nini? Huyu anatapika, ni meno? Yeye alijibu huku akikoroga, kwa sauti ya mtu aliyesoma mahali. Mara nyingi alipatia. Watu walianza kusema afadhali Mama Uji kuliko foleni ya zahanati.

Mwanamke mmoja wa upande wa Mwiki alimwuliza kama mtoto wake wa miezi mitatu anaweza kupewa uji, kwa kuwa alilia sana na maziwa yalikuwa machache. Mama Uji akamwambia ndiyo, mwepesi tu, kwa kijiko. Wiki ya pili yake tulisikia mtoto amelazwa, anaharisha na kukaukiwa maji. Mama Uji alifunga kazi saa tatu asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akaenda hospitalini.

Mtoto alipona. Nalisema mapema ili msomaji asikae na wasiwasi ambao sisi tulikaa nao siku nne. Lakini Mama Uji aliyerudi hakuwa yule aliyeenda. Kule wodini alikuwa amekutana na msichana wa lishe, mdogo kuliko binti yake wa kwanza kwa namna alivyomwona, aliyevaa koti jeupe. Msichana yule hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Mama, wewe ulijuaje?"

"Nikakosa la kusema," aliniambia, ameketi kwenye stuli ya kibanda changu. "Fundi, miaka hii yote nimekuwa nikijibu watu mambo nisiyoyajua."

Mwezi mmoja baadaye akaja na karatasi kutoka chuo kimoja cha Thika. Kozi ya lishe, cheti, miaka miwili. Ilikuwa ya kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka jioni, na mafunzo ya hospitalini mwishoni. Alama zake za kidato cha nne zilitosha kwa shida. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Nilimpa ushauri nilioamini kuwa mzuri. Nilimwambia kwamba vitabu vyote vya kozi ile vinapatikana, kwamba mimi mwenyewe nilijua umeme na hesabu bila kulipa mwalimu, na kwamba ningempangia ratiba ya kusoma nyumbani bila kuacha kazi wala kutafuta karo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unasoma ndio ujue, Fundi, na ni vizuri. Mimi nataka mtu wa kunikosoa."

Nimefikiria sentensi hiyo mara nyingi kuliko yeye, nadhani.

Tatizo lilikuwa karo, na zaidi ya karo, chakula cha nyumbani kwa miaka miwili ambayo asingekuwa kwenye sufuria. Baba wa watoto alikuwa hai, lakini kwingine, na habari zake zilikuja mara chache kuliko mvua ya Januari. Alianza na ofisi ya basari, msaada wa karo wa serikali. Niliandamana naye kwa sababu fomu ilikuwa ndefu na yeye hakupenda kuandika mbele ya watu, na hapo ndipo nilipoliona jina lake.

Karani alipitia karatasi, akainua macho. "Mama, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa kusoma. Hii ni fomu ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi ni mimi."

Karani alirudi kwenye fomu. "Hapa panaulizwa mzazi au mlezi. Umeandika marehemu, marehemu."

"Ndio. Mimi ni yatima."

Foleni iliyokuwa nyuma yetu ilicheka mpaka mzee mmoja akaketi. Karani naye alicheka, lakini alikuwa mtu wa haki, alitueleza taratibu. Nyumba moja hupewa nafasi moja, na binti yake wa kidato cha pili tayari alikuwa ameomba. Mama akiingia, binti anatoka. Mama Uji hakufikiri hata kidogo. Alichukua fomu yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Mahali pengine tulipojaribu, mkopo ulihitaji mdhamini mwenye hati ya mshahara. Katika watu wote tuliowajua yeye na mimi, hakuna aliyekuwa na hati ya mshahara.

Kilichomsaidia ni chama chao, cha wanawake saba wa barabara ile. Chama hicho kilikuwa na sheria moja ngumu: hakigawi pesa mkononi. Hununua kitu. Zamu yako ikifika unaletewa tanki la maji, au mtungi wa gesi, au masufuria, kwa nyimbo, mchana, majirani wakiona. Sababu waliijua wenyewe: tanki haliwezi kuazimwa na shemeji. Zamu ya Mama Uji ilikuwa imefika, naye aliwaomba wampe karo badala ya tanki.

Walikataa. Mama Kevo, muuza vitunguu aliyekuwa mwenyekiti, alikataa kwa niaba ya wote.

"Tukikupa pesa leo, kesho Wambui ataomba pesa ya matanga, kesho kutwa mwingine ya bwana. Tanki ni tanki."

"Tanki nitalipeleka darasani?"

"Sijui. Lakini kitu ni kitu."

Walibishana wiki mbili. Nilisikia mengi, kwa kuwa mikutano ilifanyika kwenye saluni ya Njeri na ukuta wetu ni wa mabati. Halima ndiye aliyelifungua fundo, huku akikanda unga mbele ya mlango. Alisema kwamba wanachoweza kumpa si pesa wala tanki, ni siku. Kila mmoja ana mikono. Kila mmoja achukue siku yake moja ya wiki, aamke alfajiri, apike uji wa Mama Uji, auze, na kilichopatikana kiende chuoni bila kupitia mkoba wa mtu. Wao wenyewe wamezoea kulimiana mashamba kwa zamu huko makwao. Hii nayo ni kulima.

Mama Kevo alifikiri, akauliza kama siku ni kitu. Wakakubaliana kwamba siku ni kitu.

Ndivyo sufuria ile ilivyoanza kumsomesha. Jumatatu Mama Kevo, Jumanne Njeri, Jumatano Halima, na wengine hadi Jumamosi. Mama Uji mwenyewe aliandaa ndoo jioni akirudi kutoka Thika, akiwa bado amevaa sare, mlango umefungwa. Asubuhi aliwaachia mchanganyiko uliokwisha kuwa tayari, wao wakapika tu. Haikupita wiki ya tatu kabla ya wateja kutambua siku kwa ulimi. Uji wa Jumatatu ulikuwa mzito, wa kutafunwa. Wa Jumatano ulinukia iliki, kwa kuwa Halima hawezi kupika kitu kikakosa iliki. Wa Jumanne ulikuwa maji. Njeri alikuwa mdogo kuliko wote, mwenye kucha ndefu, na aliogopa moshi. Wa bodaboda mmoja alimwuliza kama ameuosha uji kwa shampuu.

Mama Uji naye alikuwa na maisha yake mapya. Kila asubuhi mama na binti walitoka nyumba moja wakiwa na sare mbili. Binti alitembea mbele, hatua thelathini hivi, kwa aibu. Nilimwuliza Mama Uji kama linamuuma. "Hata mimi nilimtangulia mama yangu nikienda shule," alisema. "Ni vile yeye hakuwa na begi." Muhula wa kwanza ulipoisha, binti alikuwa amepunguza hatua. Kufikia wa tatu walikuwa wakitembea bega kwa bega, wakigombana juu ya kalamu nani kaiba.

Darasani waliokuwa naye wangeweza kuwa wanawe. Walimwita "Mum", na walimtuma awaombee ruhusa kwa walimu. Alifeli somo moja, la vipimo na uwiano, na akaja kwangu. Nilimfundisha kwa mawe ya mizani Jumapili sita. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Hakukubali jibu mpaka amelipima, jambo lililonifurahisha, na kila nilipokosea alishangilia kama mtu aliyefunga bao.

Katika mwaka wa pili, wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho, Njeri aliiosha ndoo.

Alifanya hivyo kwa mapenzi. Mama Uji alikuwa hospitalini Thika kwa mafunzo, amechoka, na Njeri alitaka kumpunguzia kazi. Alipomaliza kuuza Jumanne aliiona ndoo, na utando wake wa kijivu pembeni, na harufu yake, na uchafu wa siku nyingi chini. Njeri ni mtu wa saluni. Kitu kinachonuka kwake ni kitu cha kuosha. Akamwaga mabaki kwenye mtaro. Akasugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, akasuuza mara tatu, akaianika juani. Niliiona ikimeta na nikasema moyoni kwamba ni kazi safi. Nasi wawili hatukujua kitu.

Mama Uji alirudi jioni, akafungua kifuniko, akainusa ndoo. Akaketi kwenye benchi.

"Nani ameosha?"

"Mimi, Mama Uji," Njeri akasema, amefurahi. "Ilikuwa imechafuka, woi!"

Aliingiza mkono, akapapasa chini ya ndoo. Nilitoka kibandani kuona. Njeri alitazama uso wake, akatazama mtaro, na akaelewa kabla hajaambiwa. Alianza kulia kwa sauti.

Siku tatu zilizofuata waliuza uji mtamu usiochacha, na wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka. Sehemu ya mwisho ya karo ilitakiwa ilipwe kabla ya kadi ya mtihani kutolewa. Bila kadi, angengoja mwaka. Sote tulijua kwamba akingoja mwaka hatarudi.

Jioni ya Ijumaa wanawake walimfuata nyumbani kwake, nami nikaenda. Tulimkuta uani na unga na maji mbele yake, ameazimia kuanzisha chachu mpya mlango ukiwa umefungwa, kama kawaida yake. Angekosa mafunzo wiki nzima.

"Tufundishe," alisema Mama Kevo. "Wewe nenda mafunzo. Sisi tutaangalia ndoo."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alifunga mdomo wa mfuko wa unga. Kisha alisema, akinitazama mimi badala yao, "Fundi, wakijua wote, mimi nikikosa kazi nitarudi wapi?"

Ndipo nilipouelewa uchoyo wa miaka yote ile. Haukuwa uchoyo. Mwanamke mwenye watoto watatu, bila shamba, bila bwana wa kutegemea, alikuwa na kitu kimoja duniani ambacho mwingine hakuwa nacho, na kilikaa kwenye ndoo ya lita ishirini. Sisi tulikuwa tukimwomba akigawe katika wiki ambayo asingeweza kujua kama atapata kingine.

Mama Kevo hakuwa mtu wa kubembeleza. "Unarudi wapi? Karibu miaka miwili tunaamka na giza kukusukuma mbele, na wewe kamba umeifunga kwenye kigingi huku nyuma! Fungua kamba, mama. Ama utuambie tulale."

Halima alimgusa mkono, akasema polepole, "Dadangu, hata ukirudi, benchi ni lako. Nani atakutoa?"

"Nyinyi," alisema.

Hakuna aliyekasirika. Ilikuwa kweli kwamba wangeweza. Njeri, ambaye alikuwa mlangoni na hakuthubutu kuingia, alisema, "Mimi usinifundishe. Fundisha hawa wengine." Nadhani ni maneno hayo yaliyomshinda. Mama Uji alifuta mikono kwenye kanga, akamwambia, "Wewe ndio wa kwanza. Kuja hapa. Na hizo kucha ukate."

Jumamosi asubuhi alifundisha. Mimi nilileta mizani ndogo na karatasi, kwa nia ya kuandika vipimo ili kosa lisirudi. Alichota unga kwa mkono. Nikamzuia, nikaupima, nikaandika. Akamwaga maji.

"Ni kiasi gani hayo?" niliuliza.

"Andika: maji mpaka unga uache kulalamika."

Wanawake walicheka. Niliandika lita moja na robo. Aliwaonyesha namna ya kufunika kwa kitambaa badala ya kifuniko siku za mwanzo, mahali pa kuweka ndoo ukutani pale jua lilipogusa nyuma ya nyumba, na namna ya kusikiliza. Kweli, kusikiliza: siku ya tatu mchanganyiko hutoa sauti ndogo, kama mtu anayetaka kusema na anajizuia. Kila kitu alichotuambia kilikuwa rahisi. Ndicho kilichonishangaza. Kitu alichokikalia miaka kumi na mmoja kilikuwa unga, maji, joto na siku tano. Alipomaliza alisimama akanyoosha mgongo, akacheka peke yake.

"Hata si hadithi," alisema. "Mngeniuliza vizuri mngejua zamani."

"Tuliuliza vizuri!" Halima alimlalamikia.

Jumatatu alirudi Thika. Njeri ndiye aliyelinda ndoo. Alilala na dirisha wazi ili aisikie, alituambia, na siku ya tatu alikimbia mpaka kibandani kwangu akiwa na rola za nywele kichwani, akipiga kelele kwamba inaongea. Wateja walirudi kuanzia Alhamisi. Karo ilibaki na pengo dogo siku ya mwisho. Mama Kevo alimpigia simu mhasibu wa chuo na kuzungumza naye muda mrefu kiasi kwamba, kwa maoni yangu, kadi ilitolewa ili simu ikatwe. Pengo lililipwa wiki iliyofuata.

Alifaulu. Si kwa alama za kutajwa, lakini safari hii hakuna somo alilofeli. Alikaa miezi saba bila kazi, na katika miezi hiyo hakurudi kwenye benchi, ingawa njaa ilibisha. Nilimwuliza sababu. Alisema kwamba akirudi hata siku moja mikono itazoea. Kisha alipata mkataba katika kituo kidogo cha afya upande wa Gatuanyaga, kule kukavu, ambako pikipiki hukufikisha ukiwa mweupe wa vumbi kama mtu aliyepikwa kwenye unga. Niliitwa huko mara moja kurekebisha mizani ya watoto. Alisimama nyuma yangu muda wote, akanifanya nirudie kipimo cha mwisho.

Benchi lilibaki kwa wanawake. Mama Uji alipomaliza kusoma, walikaa wakaulizana sufuria imsomeshe nani sasa, na Halima akasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku nyingi amekuwa akitaka ualimu wa chekechea. Ana watoto wawili, na mumewe hushona viatu. Sasa Halima huenda chuo, na uji wa Jumatano umekosa iliki, jambo ambalo wateja hawajalisamehe.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilifika kibandani mapema, kama saa kumi na mbili na nusu. Moshi ulikuwa tayari umepanda. Nilidhani ni mmoja wa wanawake wa chama, lakini mabega yalikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa Mama Uji mwenyewe, na kanga, na mwiko. Jumamosi haendi kazini, kwa hiyo amechukua siku moja ya kumsomesha Halima. Alikuwa ameianza zamu hiyo wiki hiyo bila kumwambia mtu ila mwenyekiti.

Tulisalimiana. Alinimiminia kikombe. Nilikunywa nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema kweli na uji ulikuwa na madonge.

Wakaja vijana wa mjengo, watatu, wapya, ambao hawakumjua. Mmoja, mwenye kofia ya njano, alikunywa nusu, akakitazama kikombe kama mtu anayesoma barua.

"Mathe, samahani. Habari ya asubuhi."

"Nzuri, kijana."

"Huu uji wa leo umepikwa na nani?"

"Mimi. Uko na shida?"

"Si shida kubwa. Ni vile sisi tumezoea ule wa Jumanne. Ule wa Njeri. Ule unashika." Alimrudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi mtu anavyomrudishia mgeni kitu. "Usikasirike. Muulize akufundishe. Hana roho mbaya, atakuonyesha."

Nilifungua mdomo nimwambie kijana yule yuko mbele ya nani. Mama Uji alinikanyaga mguu chini ya benchi.

"Anafungua saluni saa ngapi?" alimwuliza kijana.

"Saa mbili."

"Sawa," alisema, akageuka kwenye sufuria na kuanza kuyavunja madonge kwa mwiko, moja baada ya jingine. "Nitamngoja."